Jasho la Kuazima

Kajiru Mchome alikuwa mwembamba kuliko washereheshaji wote wa Moshi, na tangu abalehe hakuwahi kukimbia, hata kuikimbia mvua. Alipenda kulitangaza jambo hilo kwenye kipaza sauti katikati ya harusi za watu. "Mnaniona nilivyo? Nakula kuwashinda nyote, ila mimi nimejaliwa mama!" Watu walicheka, akina mama wakapiga vigelegele, na yeye akarudi kwenye sahani yake bila hata chembe ya haya.

Asubuhi ya Jumamosi moja alikuwa amelala kwenye kitanda cha Kituo cha Uwiano, shati wazi, akisomwa kamba. Kamba ni jina la mtaani tu. Chenyewe ni kitu kidogo kama punje ya mtama, hupandikizwa chini ya mfupa wa bega, na huwa na pacha wake kwenye mwili wa ndugu wa damu. Pacha wa Kajiru alikuwa ndani ya mama yake, Bi Namkunda, kule Usangi kwenye milima ya Upare. Mama akipanda mlima, misuli yake hupeleka habari kwenye punje, punje humpelekea pacha wake, na mwili wa Kajiru huchoma mafuta kana kwamba ndiye aliyepanda. Kajiru akila kupita kiasi, bangili ya mama hutetemeka mkononi, na mama huacha alichokuwa akikifanya na kushika njia.

Daktari wa kamba aliitwa Aikande, Mchaga wa Marangu, na kwa hiyo mtani wake. Mpare na Mchaga wanataniana tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukuvamia msibani, akamsema vibaya marehemu wako, na wewe ukalazimika kucheka.

"Ubahili wenu tunaujua," Aikande alisema, akipitisha kisomeo begani. "Lakini wewe Mpare umevuka mipaka. Hata jasho unaazima!"

"Langu nimelificha, mtani. Mchaga akiliona atalitia kwenye chupa aliuze."

Aikande alicheka kidogo, kisha akatazama kioo chake na kicheko kikamkauka. Alitazama kwa muda mrefu. Kajiru alishaanza kufunga vifungo, mawazo yake yakiwa kwenye harusi ya mchana.

"Mtani," Aikande alisema, "mama yako anakufa mlimani, wewe uko mjini unatafuna ndafu."

Kajiru aliangua kicheko mpaka kitanda kikatikisika. "Wachaga bwana! Kumbe umeshapiga hesabu ya kuniuzia jeneza!"

"Nasema kweli, Kajiru."

"Ndiyo maana nakupenda, mtani. Unatania na uso umeukunja kama hakimu." Akampiga begani, akachukua koti lake, akatoka akiwa bado anafuta machozi ya kucheka. Njiani alijiambia kwamba maneno yale atayatumia harusini, maana yalikuwa matamu.

*

Ukumbi ulikuwa njia ya Kibosho, katikati ya mashamba ya kahawa. Mlangoni palikuwa na mizani iliyofukiwa sakafuni, kama kumbi zote za siku hizi. Kizazi kilichopita kilizika watu wengi mno kwa kisukari na shinikizo la damu, na kilipochoka kuzika kikaleta mizani. Ukiingia, sakafu inakupima, na sahani yako inapangwa kabla hujakaa. Bwana mmoja mnene mbele ya Kajiru alipewa mchicha, samaki wa kuchemsha na maji, akavipokea kwa unyonge huku wenzake wakijifanya hamnazo. Kajiru alipita juu ya mizani akicheza, nayo ikawasha taa ya kijani.

Yeye mwenyewe alikuwa mtoto mnene. Baba yake alikuwa mnene, mcheshi, mpenda soda na chapati za asubuhi, na alifia kwenye kiti chake sebuleni kabla mvi haijamtoka, mkewe akiwa amemshika kichwa. Baada ya matanga daktari alimwambia Bi Namkunda kwamba kijana naye anaelekea huko huko, na kwamba njia ni mbili. Ama abadilishe vyakula vya nyumba nzima na kumtoa mtoto nje acheze kila siku, ama kamba. Bi Namkunda alimtazama mwanawe, yatima wa juzi, ambaye furaha yake pekee ilikuwa imebaki kwenye sahani. Hakuwa na moyo wa kumnyima. Akachagua kamba, na hakuna aliyemlaumu.

Alipokuwa mtu mzima, Kajiru aliendelea kutia sahihi kila kamba ilipohitaji kufanywa upya. Hakuwahi kumuuliza mama yake anaonaje. Mama alikuwa mtu wa milimani, alikua akibeba kuni na ndizi, na kila wakipigiana simu alisema yu mzima wa afya. Mwana alisikia alichotaka kusikia.

Ndafu ililetwa, mbuzi mzima wa kuokwa, majani mdomoni, shangwe zikapanda. Wapishi walikuwa wamemtengea Kajiru sahani yake pembeni ya jukwaa: paja, ndizi za kukaanga, pilau, soda mbili. Alikula haraka kati ya tangazo na tangazo. Haukupita muda, lile joto alilolizoea likaanza kwenye mapaja, joto tamu, kama la mtu aliyekaa karibu na jiko.

"Mama ameshika njia," alijisemea, akaongeza kipande.

Alikuwa amesimama mbele ya watu, akiwaita wajomba wa bibi harusi, pale joto lilipogeuka kuwa moto. Misuli ya miguu ilimkaza ghafla. Halafu kitu kikampiga kifuani, upande wa kushoto, kikashuka mkononi mpaka vidoleni. Alijishika kifua. Moyo wake mwenyewe ulikuwa unadunda taratibu, mvivu kama siku zote. Maumivu hayakuwa yake.

Maneno ya asubuhi yakamrudia yote, na safari hii hayakuchekesha. Alimwona Aikande na uso wake ule uliokunjamana.

"Wajomba, endeleeni na nyimbo," alisema kwenye kipaza sauti, akashuka jukwaani huku akimpigia mama yake kwa kidude cha sikioni.

"Shikamoo mama. Uko wapi?"

"Marahaba, baba." Sauti ilikuja kwa vipande. "Niko jikoni. Nachambua maharage."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na upepo na maji yanayotiririka. Usangi yote hakuna jiko lenye maji yanayotiririka namna ile. Alikuwa kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia lililo juu kabisa ya kijiji, mahali ambapo vijana wenyewe wakifika hukaa chini.

"Mama, simama. Acha kupanda."

"Nimeshasimama. Nimekaa kwenye jiwe. Kifua kinanibana kidogo tu, kitaachia. Wewe endelea na kazi, watu wa harusi wasikungoje."

Kajiru alihisi teke la pili kifuani, na safari hii mama yake aliguna, mguno mfupi wa mtu anayeficha. Akampigia Aikande na kuwaunganisha wote watatu.

*

"Nilikwambia," Aikande alisema mara tu aliposikia.

"Ulitania!"

"Ningekwambiaje? Vipimo vya mtoaji, yaani mama yako, ni siri yake, na yeye alinikataza kukuambia. Ningesema kidaktari, wangenifunga. Nilibakiwa na utani tu, na wewe ukacheka." Sauti yake ilitetemeka kwa hasira, au kwa hofu. "Nimeshamwita muuguzi wa zahanati ya kijiji, yuko njiani, lakini ule mlima unaujua. Sasa nisikilize. Umekula nini?"

Kajiru alimtajia. Aibu ilimwunguza kuliko ule moto wa mapajani.

"Mzigo wote huo uko mwilini mwake. Kamba ikishaanza kazi haiachi mpaka imalize, hata akikaa. Misuli yake inaendelea kuvutwa na moyo unaifuata. Nikiikata sasa hivi, kilichobaki kitamshukia kwa mara moja, na hatakihimili."

"Kwa hiyo?"

"Inawezekana kuigeuza. Mzigo uje kwako, ukimbie mwenyewe."

"Igeuze!"

"Tulia kwanza. Wewe unajiona mzima kwa sababu mizani inakuwashia kijani. Kamba huchoma mafuta tu, Kajiru. Haifundishi moyo kusukuma damu wala mapafu kuvuta pumzi. Moyo wako una miaka ishirini haujapewa kazi. Uko mwembamba kama mwanariadha, na ndani una kifua cha mtu aliyelala kitandani miaka yote hiyo. Unaweza kuanguka barabarani."

Kajiru alikuwa ameshatoka nje. Jua la mchana lilikuwa kali, na barabara ya vumbi ilishuka kati ya migomba na kahawa. Alivua koti, akalitupa juu ya ua.

"Igeuze," alisema tena.

"Kufuli ni la mtoaji. Mama Namkunda, umesikia? Unaridhia?"

Upepo ulivuma masikioni mwao.

"Hapana," Bi Namkunda alisema.

"Mama!"

"Nimesema hapana. Baba yako alinifia mikononi. Nikakuangalia wewe, una uso wake, una tumbo lake, nikasema huyu kifo hakimpati. Nimepanda mlima huu kwenye mvua, nimeupanda nikiwa na homa. Sikuupanda ili leo ukafie njiani kama mbuzi." Alihema kwa muda. "Daktari, usiguse kitu."

Kajiru alitaka kupiga kelele. Alipiga moyo konde, akasema polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto asiruke kutoka mtini.

"Mama, ukiondoka leo, kesho nani atanikimbilia? Moyo wangu ndio huo daktari anaousema. Sijui kupanda ngazi. Sijui kulala na njaa kidogo. Ukifa wewe, mimi sitafika mbali. Niache nijifunze wakati ungalipo."

Maji ya ndiva yaliendelea kutiririka.

"Mama?"

Kimya.

"Bado ana fahamu," Aikande alisema kwa sauti ya chini. "Naona hapa. Anatusikia. Mimi nina ufunguo wa dharura, lakini sheria inasema niutumie mtoaji akizimia tu."

"Ngoja azimie, basi?"

"Akizimia, huenda tusiwe na wa kumwokoa."

"Hajakataa mara ya pili."

"Alikataa mara ya kwanza, na nilimsikia vizuri. Ni mwili wake, Kajiru. Mtu mzima amesema hapana. Unataka niuvunje mlango wake akiwa ndani, anatutazama?"

Hapo ndipo Kajiru alipokwama. Miaka yote aliutumia mwili wa mama yake bila kumuuliza, na sasa alitaka kuuokoa bila kumuuliza vile vile. Ulikuwa ubabe ule ule, ila leo ulikuwa umevaa nguo nzuri. Alijua kwamba akinyamaza ataheshimu neno la mama yake na kumzika. Alijua pia kwamba akisema, mama anaweza kuishi na asimsamehe. Alikuwa na hofu kuliko alivyowahi kuwa maishani, na chini ya hofu hiyo alijichukia.

Teke la tatu likampiga kifuani, refu, na halikuachia.

"Vunja," alisema. "Lawama ni yangu."

"Ni yetu sote wawili," Aikande alijibu. "Kimbia."

*

Kwanza ilikuwa kama mtu amempandia mgongoni. Mapafu, ambayo hayakuwahi kudaiwa kitu, yalianza kulalamika kabla hajamaliza ua wa ukumbi. Moyo ulishtuka, ukaruka, ukaanza kupiga mpaka masikioni. Viatu vya harusi vilimchubua visigino. Nyuma yake wageni walichungulia madirishani, wakaona mshereheshaji wao anakimbia na suruali ya suti kwenye vumbi, wakadhani ni sehemu ya burudani. Wakamshangilia kwa vigelegele, na shangazi mmoja akamkimbiza hatua chache akimpepea kwa khanga.

"Usisimame," Aikande alikuwa akisema sikioni. "Ukisimama mzigo unamrudia."

"Siwezi."

"Tembea basi. Tembea haraka. Miguu isipumzike tu."

Alitembea. Alitapika pembeni ya barabara huku akitembea, paja la ndafu na soda zake mbili, akajifuta kwa mkono wa shati. Ubavu ulimchoma kama kwa kisu. Macho yaliingia giza, yakafunguka, yakaingia giza tena. Alifikiria kiti cha baba yake pale sebuleni, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma badala ya kumkumbuka kwa vichekesho. Kisha akaona mteremko umekwisha na mbele yake barabara inapanda.

"Kilima," alisema.

"Vizuri. Panda," Aikande alijibu. "Kifua cha mama yako kimeanza kuachia. Panda, mtani, nakuomba."

Alipanda akishika magoti kwa mikono, kama ajuza. Mtu aliyekuwa akipunguza majani ya migomba aliacha kazi, akamtazama akipita, asiseme neno. Kajiru alihesabu migomba, akapoteza hesabu, akaanza kuomba dua, akasahau maneno yake. Kilichobaki kichwani kilikuwa mguu huu, halafu huu.

Kisha sauti ya mama yake ikatokea sikioni, nyembamba, lakini haikukatika vipande.

"Nilisema hapana."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilisema hapana na hamkunisikiliza."

"Tulikusikia," Kajiru alisema. Pumzi yake ilipiga mluzi. "Sikukutii. Unikasirikie, lakini uwe hai."

"Nimekasirika." Akamsikiliza akipanda. "Unahema kama baba yako."

"Baba alikuwa amekaa, mama. Mimi natembea."

Nyuma ya sauti ya mama zilisikika hatua, na mwanamke akisema kwa Kipare kwamba amefika, kwamba bibi alaze mgongo, asiongee. Muuguzi. Kajiru alisikia kifuko kikifunguliwa, maji yakimiminwa. Aliendelea kupanda mpaka Aikande alipomwambia mzigo umekwisha. Hapo akakaa kwenye nyasi za kando, miguu ikamcheza yenyewe.

"Mioyo yote miwili imetulia," Aikande alisema. "Wa mama umejeruhiwa, atahitaji kulazwa, ila ataishi. Wako utauma wiki nzima na utajifunza. Jumatatu mimi nitaitwa kueleza, na nitaeleza. Sasa kamba haina mzigo. Ni wakati pekee inaweza kukatwa bila kumuumiza mtu. Ikikatwa, haiungwi tena. Upande wako una kufuli lako, hapo sihitaji ruhusa ya mwingine."

"Usikate, baba," Bi Namkunda alisema haraka. "Nitapumzika mwezi mmoja, miwili. Nitapona. Nitakwenda polepole. Utafanyaje wewe peke yako? Kazi yako ni kula na watu."

Kajiru alitazama barabara aliyoipanda. Ilikuwa fupi, mtoto wa shule angeimaliza akicheza, na ilikuwa nusura imtoe roho. Kesho angeamka na mwili usiobebwa na mtu. Angekaa kwenye harusi na kukataa sahani, na watu wangemcheka. Angenenepa kwanza, pengine, na mizani ingemwashia taa nyekundu mbele ya wateja wake. Aliogopa yote hayo, na aliyaogopa kweli.

"Kata," alisema.

Hapakuwa na sauti. Joto lililokaa mapajani tangu utoto wake lilizimika tu, pakabaki miguu mitupu, mizito, inayouma.

Kule mlimani Bi Namkunda alianza kulia, kilio cha chini, bila ya ukali tena.

"Nilikuwa nakusikia," alisema. "Kila siku. Ukila nilijua umekula. Ukilala nilijua umelala. Nilikuwa nakubeba kama ulivyokuwa tumboni. Sasa sikusikii, mwanangu. Sikusikii popote."

Kajiru alijaribu kuinuka, goti likakataa, akajaribu tena akishika mgomba.

"Nakuja huko, mama," alisema. "Gari litaniacha bondeni. Huko juu nitapanda mwenyewe, nitachelewa. Ningoje."